Prosesa ya Laki Sita na Nusu, au Mashine Mpya ya Milioni Mbili?

Kaka mshauri, habari za kazi?

Mimi ni mhasibu, naishi Tabata, Dar es Salaam, nina mke na mtoto mmoja. Ugonjwa wangu ni ndege. Sijawahi kukalia kiti cha rubani, ila kila jioni mtoto akishalala nawasha kompyuta na kurusha Airbus A320 kutoka Julius Nyerere kwenda Nairobi, au Zanzibar kama kesho yake naamka mapema. Natumia Microsoft Flight Simulator ile ya 2020, na ndege yenyewe ni ya FlyByWire, ile ya bure.

Tatizo liko kwenye kutua. Huko juu mambo ni safi, napata fremu 45 hadi 50 kwa sekunde. Nikianza kushuka Nairobi, majengo ya jiji yakianza kujitokeza, fremu zinaporomoka hadi 20 na kila baada ya muda picha inaganda. Na inapenda kuganda pale pale ninapoinua pua ili magurudumu yaguse. Nimeibamiza ndege chini mara nyingi kiasi kwamba mke wangu akisikia ule mlio wa matairi anauliza kutoka chumbani, "Abiria wamepona?"

Mashine yangu ni Ryzen 5 3600, kadi ya grafiki RTX 3060 ya GB 12, RAM GB 16, mazabodi ya B450, pawasaplai ya wati 550 na skrini ya kawaida ya 1080p, hertzi 60. Fundi aliniunganishia mwaka 2021 na tangu hapo hakuna kilichobadilishwa.

Nimeuliza watu, kila mmoja ana lake. Rafiki yangu anayehariri video anasema prosesa haina kosa, kwa sababu Task Manager inaonyesha inatumika asilimia 35 tu. Kwake tatizo ni kadi, na kwa bahati nzuri yeye anayo RTX 4070 anayotaka kuiuza. Fundi wangu wa Kariakoo anasema mashine imezeeka yote. Ameniandikia bei ya Ryzen 7 7800X3D, mazabodi mpya na RAM ya DDR5, jumla milioni mbili na laki nne. Kuna na jamaa anayeleta mizigo kutoka Dubai, ana Ryzen 7 5700X3D iliyotumika, laki sita na nusu, anasema inaingia kwenye mazabodi hii hii niliyonayo.

Nilifungua kipimo cha fremu ndani ya gemu nikiwa fainali, yaani mstari wa mwisho kabla ya kutua, ya njia 06 Nairobi. Kimeandika "Limited by MainThread" kwa rangi nyekundu, milisekunde 46, na mstari wa GPU unasoma 18. Sikuelewa kitu.

Pesa ipo. Zamu yangu ya kibati imefika, milioni mbili na nusu. Mke wangu hajakataa, ila amesema, "Kama ni lazima, nunua. Kama ni hamu, tuzungumze." Mwisho, nasikia ile ya 2024 inaitumia prosesa vizuri zaidi. Je, nihamie huko kwanza?

Rubani wa Sebuleni, Tabata

*

Rubani, umeniandikia namba mbili ambazo watu wengi hawaandiki, kwa hiyo sitakuzungusha. Rafiki yako abaki na kadi yake. Fundi wa Kariakoo hajakosea kuhusu umri wa mashine, ila bei yake inatibu ugonjwa mkubwa kuliko ulio nao. Jamaa wa Dubai ndiye aliye karibu na ukweli, lakini hata yeye asipokee pesa yako wiki hii. Kuna kitu cha kuangalia kwanza ambacho huenda kikawa cha bure kabisa.

Tuanze na ile nyekundu. Ili fremu moja itokee kwenye skrini, kazi mbili lazima zikamilike. Prosesa inakokotoa ndege iko wapi, upepo unaisukuma vipi, kompyuta za ndani ya Airbus zinasema nini, ndege nyingine uwanjani ziko wapi, kisha inaipa kadi orodha ya vitu vya kuchora. Kadi nayo inachora. Kwako wewe pale Nairobi, prosesa inamaliza sehemu yake kwa milisekunde 46, kadi inamaliza ya kwake kwa 18. Gawa 1000 kwa 46 unapata fremu 21 na kitu, ndiyo zile unazoziona. Gawa 1000 kwa 18, unapata 55. Maana yake kadi yako hata sasa ina uwezo wa kutoa 55, ila inakaa inasubiri. Ukiweka 4070 ile 18 itashuka labda hadi 10, na 46 itabaki 46. Utakuwa umenunua kadi ya kusubiri kwa haraka zaidi.

Ukitaka kuwa na uhakika bila kuniamini mimi, nenda kwenye mipangilio ya picha, shusha "Render Scaling" kutoka 100 hadi 50, halafu rudi fainali pale pale. Picha itakuwa mbaya kama video ya kurekodiwa usiku. Kama fremu zimebaki 21, kadi imeachiwa huru na hakuna kilichobadilika, basi kesi imekwisha.

Na ile asilimia 35 ya Task Manager? Hapo rafiki yako hadanganyi, ila anasoma kipimo kisichofaa. Kwenye uhariri wa video, kazi inagawanywa kwa viini vyote (cores) vya prosesa, kwa hiyo ile asilimia ya jumla inamwambia kitu cha maana. Flight Simulator haiko hivyo. Ina uzi mmoja mkuu, ndio ule MainThread, ambao lazima ufanye mambo kwa mpangilio, hili kabla ya lile, na uzi huo unatumia kiini kimoja tu kwa wakati mmoja. Ryzen 5 3600 ina viini 6 na nyuzi 12. Uzi mmoja ukichoka kabisa, kwenye jumla unaonekana kama asilimia 8 hivi. Weka na nyuzi nyingine zinazosaidiasaidia, unafika 35, huku kile kiini kimoja kinahema. Bofya grafu kwa kitufe cha kulia uchague zionyeshwe "Logical processors", uone visanduku 12. Hata hapo usishangae usipokiona kimoja kimejaa muda wote, maana Windows huhamishahamisha kazi kutoka kiini hadi kiini. Ndiyo maana namba ya MainThread ninaiamini kuliko grafu yoyote.

Kwa nini kutua na si kupaa juu ya Tsavo? Kwa sababu wakati wa kutua kila kitu kinadai pamoja. Majengo ya Nairobi, uwanja wenyewe, magari ya uwanjani, ndege za kompyuta zinazozunguka, na skrini zote za Airbus zinajichora upya. A320 ya FlyByWire ina mifumo mingi inayokokotolewa kwelikweli. Chukua Cessna 172 utue pale pale, utaona fremu zinapanda. Kama ungekuwa mtu wa Cessna anayezunguka Mafia na Kilwa, ningekuambia funga barua, nenda kalale, mashine inatosha.

Sasa kabla ya pesa.

Umesema RAM ni GB 16, hukusema ni kipande kimoja au viwili. Mashine nyingi zinazounganishwa mitaani zinatoka na kipande kimoja cha 16, kwa sababu ni rahisi na mteja haulizi. Kipande kimoja kinapitisha data kwa njia moja, viwili kwa njia mbili, na simuleta hii inaihisi tofauti hiyo kuliko gemu nyingi. Fungua Task Manager, nenda Performance, kisha Memory. Chini kulia soma mistari miwili. "Slots used" ikisema 1 of 4 au 1 of 2, umekipata kipande kimoja. Kisha "Speed". Kama RAM yenyewe imeandikwa 3200 kwenye stika yake na hapo unasoma 2133, 2400 au 2666, basi tangu 2021 umekuwa unaendesha kwa gia ya pili, na fundi hakuwasha profaili ya kasi kwenye BIOS, ile programu ya msingi ya mazabodi. Inaitwa XMP, kwenye baadhi ya mazabodi DOCP au A-XMP. Kuiwasha ni kuingia BIOS, kuchagua, kuhifadhi na kutoka. Kwenye Ryzen za kizazi chako jambo hili lina uzito wa ziada, kwa sababu barabara ya ndani inayounganisha viini na RAM inakwenda kwa kasi ya RAM yenyewe. RAM ikizembea, prosesa nzima inazembea nayo.

Pili, 16 yenyewe ni finyu kwa ndege kubwa. Flight Simulator, Windows, na kivinjari ulichokiacha wazi na chati zako vikijaza RAM, kompyuta inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na ule ndio mgando wa ghafla unaokupata ukivuta pua. Tofautisha vitu viwili hivi: fremu chache ni jambo moja, kuganda ni jambo jingine, na mara nyingi dawa zake hazifanani. Nunua seti ya vipande viwili vya 16, DDR4 ya 3200. Usichanganye na kile cha zamani, kiuze. Vipande viingie tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, isipokuwa kitabu cha mazabodi yako kiseme tofauti.

Tatu, mipangilio. "Terrain Level of Detail" ikiwa 200, shusha hadi 100. Ndiyo inayoamua mandhari yachorwe kwa undani hadi umbali gani, na mzigo wake unaanguka kwenye prosesa. Punguza ndege za kompyuta na magari ya uwanjani, weka "Glass Cockpit Refresh Rate", kasi ya skrini za ndege kujichora upya, katikati. Kushusha vivuli, mawingu au ukubwa wa picha hakutakusaidia, maana hizo ni kazi za kadi na kadi yako haina tatizo. Nimeona watu wanashusha kila kitu hadi gemu inafanana na katuni, halafu wanalalamika fremu ni zile zile!

Nne, funga fremu ziwe 30. Najua vijana wa gemu za risasi watacheka. Lakini skrini yako ni ya hertzi 60, na 30 inaingia mara mbili bila kubaki, kila fremu inaonyeshwa mara mbili, jicho linaona mwendo ulio sawa. Fremu zinazoruka kati ya 50 na 22 zinachosha zaidi kuliko 30 iliyotulia. Ndege ya abiria haigeuki kama pikipiki. 30 iliyotulia hadi magurudumu yaguse ndiyo shabaha yako, na ukikubali shabaha hiyo hesabu yote inakuwa nafuu: unahitaji ile 46 ishuke chini ya 33.

Ruka hivyo wiki mbili. Kama RAM ilikuwa kipande kimoja na kasi imezimwa, inawezekana kabisa ukafika hapo, na barua yako ikaisha kwa bei ya RAM.

Kama hukufika, na kwa A320 Nairobi nadhani bado utakuwa na pengo, basi nunua 5700X3D. Sababu ni kashe. Kashe ni kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Muuza chipsi mwenye viazi, mayai na kachumbari mezani pake anakuhudumia chapuchapu. Yule anayekimbia dukani kila ukiagiza yai, hata awe na mikono myepesi kiasi gani, utamsubiri. Simuleta inaagiza vitu vidogo vidogo vingi, tena vya ovyo ovyo, kwa hiyo safari za kwenda RAM ndizo zinazoula muda. 3600 yako ina kashe ya MB 32, lakini imegawanywa nusu mbili za 16, kila nusu na viini vyake vitatu. Mwaka 2022 AMD, watengenezaji wa Ryzen, walibandika kipande cha ziada juu ya chipu ya 5800X3D na kufikisha MB 96, zote kwa viini vyote 8. 5700X3D, iliyotoka Januari 2024, ni mdogo wake: kashe ile ile, kasi imepunguzwa. Usishtuke ukiona kasi yake ya juu ni gigahertzi 4.1 wakati 3600 yako inafika 4.2. Kwa kazi hii kashe inashinda.

Nategemea ile 20 iwe thelathini na ushee, na migando ipungue. Sikuahidi 60 juu ya Nairobi. Pia kumbuka dari la 55 linalowekwa na kadi yako. Ndiyo sababu nyingine ya kutomsikiliza fundi wa milioni mbili na laki nne. 7800X3D ni prosesa bora kuliko hii, sibishi, na tundu lake la AM5 AMD wameahidi kuliendeleza hadi angalau 2027, wakati AM4 yako imefika mwisho wa barabara. Ungekuwa unaanza bila kitu ningekwambia anzia huko. Lakini kwako unalipia fremu ambazo nusu yake kadi itazizuia na nusu nyingine skrini uliyoifunga 30 haitazionyesha. Jamaa wa Dubai akiwa ameshaiuza, Ryzen 5 5600 ni njia ya kati, rahisi zaidi. Ni kizazi kile kile cha Zen 3, ambacho AMD walikitangaza kufanya kazi asilimia 19 zaidi kwa kila mzunguko wa saa kuliko kizazi chako, na ikiwa mpya inakuja na feni yake kwenye boksi.

Kununua iliyotumika kuna mambo yake. Prosesa za AM4 zina pini chini, 1331, nyembamba kama sindano. Igeuze mbele ya muuzaji, iangalie kwa pembeni ukiilinganisha na mwanga: mistari inyooke. Pini moja iliyolala, rudisha. Kisha iwashwe kwenye mashine mbele yako, ufungue Task Manager upande wa CPU na usome "L3 cache". Iwe 96 MB. Ikiandika 32, hiyo ni 5700X ya kawaida, si X3D, haijalishi kifuniko kimeandikwaje.

Feni ya duara iliyokuja na 3600 haitoshi; hii inaruhusiwa wati 105 na yako ilikuwa 65. Tenga pesa ya kipoza cha mnara chenye feni moja kubwa, pamoja na pesti mpya ya kupitisha joto. Kwa joto la Tabata la Februari usifanye ubahili hapo. Pawasaplai ya 550 inatosha.

Sasa ufungaji, na hapa fuata mpangilio. Sasisha BIOS kwanza, wakati 3600 bado iko ndani. Ukibadilisha prosesa kabla, mazabodi huenda isiitambue na utabaki na skrini nyeusi. Angalia kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi orodha ya prosesa inazozikubali, tafuta 5700X3D, chukua toleo lililoandikwa mbele yake au jipya zaidi. Na fanya hivyo ukiwa kwenye UPS iliyojaa chaji. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, mazabodi inaweza kufa pale pale, na hapo fundi wa Kariakoo atapata milioni zake kwa haki.

Wewe ni mhasibu, kwa hiyo naamini kuna mafaili ya watu humo ndani. Ukishafunga prosesa mpya, kompyuta inaweza kukuuliza kuhusu fTPM (sehemu ya usalama inayotunza funguo), ikitaka ubonyeze Y au N. Kabla ya siku hiyo hakikisha BitLocker (kufuli ya diski ya Windows) imezimwa au namba yake ndefu ya kufungulia umeiandika mahali. Bila hiyo, Y inaweza kukufungia nje ya diski yako mwenyewe.

Kutoa ile ya zamani: washa kompyuta dakika kumi ifanye kazi ili pesti ilainike, zima, chomoa waya ukutani. Legeza skrubu, kisha zungusha kipoza kidogo kushoto na kulia hadi kiachie, ndipo uinue. Ukikivuta moja kwa moja juu pesti ikiwa baridi, kitang'oka na prosesa ikiwa imeng'ang'ania chini yake, na pini ndizo zinazolipa. Mafundi wengi wazuri wamelia kwa hili.

Kuhusu shemeji: mwambie ni hamu. Hakuna abiria anayedhurika. Lakini mwambie pia kwamba kwa RAM, prosesa na kipoza hamu hii haimalizi kibati, na RAM na prosesa za zamani zitauzwa. Mzungumze kabla mzigo haujatoka Dubai, si baada.

Na 2024? Ilitoka Novemba 2024, na watengenezaji wake, Asobo wa Bordeaux kule Ufaransa, waliigawa kazi kwenye viini vingi zaidi kuliko ile ya kwanza. Hilo ni kweli na lingekufaa. Lakini waliipunguza ukubwa kwenye diski kwa kuhamishia vitu vingi kwenye seva, hata ndege na viwanja vinashuka kwa intaneti unaporuka. Wenyewe wanapendekeza megabiti 50 kwa sekunde, na kiwango cha chini ni 10. Kama nyumbani una faiba isiyo na kikomo, ijaribu kwa mwezi mmoja kupitia Game Pass, huduma ya Microsoft ya kulipia gemu kwa mwezi, kama unaweza kuipata ulipo, kabla ya kuinunua. Kama unaishi kwa bando la simu, baki na 2020, tenga nafasi ya "Rolling Cache" kwenye SSD ili Nairobi isishuke upya kila jioni, na ukiona picha inakwamakwama hata milisekunde zikiwa nzuri, angalia salio la bando kabla ya kumlaumu prosesa.